Udongo Uliofungua Vidole vya Minza

Nyie vijana mnaonipigia simu kila shule zikifungwa, "Bibi Mwalimu, watoto wanatumaliza humu ndani, tuwape nini?", leo nawajibu wote kwa mkupuo. Wapeni udongo. Msinicheke. Nimefundisha darasa la awali hapa Mpanda mpaka magoti yakakataa vile viti vidogo, na katika vitu vyote nilivyowahi kumtia mtoto mkononi, chaki, vizibo vya soda, punje za mahindi za kuhesabia, sijaona kinachomtuliza kama donge la udongo lenye unyevu. Simu itazima chaji. Udongo upo tu hapo nje.

Ila una adabu zake, na mimi sikuzijua. Chuoni walitufundisha kwamba mtoto hujifunza kwa vitendo. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikafaulu, halafu nikaingia darasani kijiji cha Kasokola na ndoo ya tope niliyochota pembeni ya kisima. Watoto wakafinyanga vikombe. Kufika mchana vikombe vyote vilikuwa na nyufa kama visigino vya mtu aliyetoka kulima. Mtoto mmoja akaniletea vipande vya kikombe chake amevibeba kwenye shati, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nikavipokea vile vipande.

Mwenye jibu alikuwa anaishi nyumba ya pili kutoka nilipopanga. Tulimwita Mama Bukuru. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, akakulia huku, akaolewa huku, akazikia mume huku, na maisha yake yote alifinyanga vyungu akavipeleka kuuza soko la Kashaulili. Nilimpelekea vile vipande. Akachukua kimoja, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu kama anayeonja chumvi ya mboga.

"Mwarimu," akasema, "huu ni mchanga. Umevaa tu nguo ya udongo."

Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza upya. Alinipeleka bondeni, akaniambia nisichote juu walipokanyaga ng'ombe, nichimbe mpaka jembe lianze kunata. Akachukua kidogo, akauvingirisha viganjani ukawa kamba nyembamba kama penseli, akaizungusha kwenye kidole changu kama ananivisha pete. Haikukatika. "Ukikatika, uache pale pale, usiubebe," akasema. Nyie hamna haja ya kutafuna. Fanyeni hiyo pete tu, inatosha.

Udongo ukishafika nyumbani, uanikeni ukauke kabisa, upondeni, ulowekeni kwenye ndoo mpaka ulale kama uji mzito. Upitisheni kwenye kanga iliyochakaa ili mawe na mizizi ibaki juu. Kisha umwageni kwenye gunia safi, maji yajiendee yenyewe, na mkikuta umeshika kama ugali wa mchana, ndiyo tayari. Ukandeni. Mama Bukuru alikanda kwa uzito wa mwili, mikono imenyooka, huku anaimba nyimbo za kanisani kwa Kirundi. Alisema pumzi ikibaki ndani ya udongo itakuja kutafuta mlango, na mlango wenyewe ndiyo ufa. Usiotumika leo ukae kwenye ndoo yenye mfuniko, umefunikwa kitambaa kibichi.

Jambo lingine: kitu kinene hakikauki sawasawa. Mtoto akitaka kutengeneza tembo mkubwa, mfundisheni kumwacha tumbo wazi kwa ndani. Na kila kitu kikauke kivulini, chini ya kitanda hata, kwa sababu jua letu la Katavi halina subira. Mkitaka kujua kama kimekauka, kiwekeni shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji. Hili la shavu nililitilia mkazo baada ya mtoto mmoja kwenda nyumbani na kiboko wake wa udongo, akamtumbukiza kwenye jiko la mkaa ili awe mgumu kama chungu, bila kumwambia mama yake aliyekuwa amebandika maharage. Kiboko alipasuka, mlio kama wa bunduki. Mama wa watu alikuja shuleni na mwiko mkononi. "Mwalimu, mnafundisha nini huko, vita?" Tangu hapo vya kwangu havikuchomwa. Mtoto hahitaji chungu cha kupikia. Akaushe, apake chokaa na unga wa mkaa, aweke dirishani, afurahi. Kikivunjika, loweka, anza tena.

Sasa niwaambie kuhusu Minza, maana yeye ndiye aliyenionyesha udongo unaweza kufanya nini.

Aliletwa darasani kwangu mwanzo wa mwaka, amevaa sweta la kaka yake, mkono mmoja wa sweta umening'inia mpaka gotini. Familia yao ni Wasukuma, walihamia upande wetu na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Mama yake alinisalimia, "Mwangaluka, mwalimu." Akalikunja lile sweta taratibu akanionyesha. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umejifunga. Aliangukia mafiga yenye makaa, akajishika kwa kiganja. Kidonda kilikuwa kimepona, ngozi imefunga vizuri, lakini ilijivuta na vidole vikalala ndani ya kiganja, kama vile mtoto ameficha kitu hataki mtu akione.

"Hospitali walinifundisha kumnyoosha," mama yake akasema. "Kila siku nimnyooshe vidole. Lakini analia, mwalimu. Analia mpaka na mimi nalia. Nimeacha."

"Na wao wamesemaje?"

"Visipofunguka, tutapewa rufaa. Wamkate ngozi, washone upya." Akalishusha lile sweta haraka, kwa sababu Minza alikuwa anasikiliza.

Wiki za kwanza Minza alikaa ukutani. Mkono ulikuwa ndani ya sweta hata jua likiwaka. Sikumsukuma. Wenzake walipotoka kufinyanga barazani, naye alitoka, akasimama anaangalia. Siku moja akachuchumaa mwenyewe, akachukua donge kwa mkono wa kushoto, akaanza kufanya ng'ombe. Mtoto wa Kisukuma humfundishi ng'ombe. Alimpa nundu, akampa mkia, akampa hata lile kunjo la ngozi linaloning'inia shingoni. Yote kwa mkono mmoja. Ila pembe zilimshinda. Kila akigusisha pembe, ng'ombe anaanguka upande, kwa sababu hapakuwa na mkono wa kumzuia.

Nikamsogelea, nikampa uji wa udongo kwenye kifuu. Nilimwonyesha kukwaruza kichwani kwa kijiti na kupaka ule uji, maana udongo na udongo haviungani bila kukwaruzwa na kulowanishwa. Hilo na nyie mlishike; masikio, mikia na mishikio ya vikombe yote huanguka kwa sababu hiyo. Halafu nikamwambia, "Mshike huyo, asije akakimbia."

Aliangalia ng'ombe. Akaniangalia mimi. Kisha ule mkono ukatoka kwenye sweta, umekunjwa vile vile, akauegemeza mgongoni mwa ng'ombe, na kwa mkono mwingine akabandika pembe. Ikashika. Watoto wengine hawakushangaa hata kidogo, walikuwa na ng'ombe zao. Mimi ndiye nilijifanya nakwenda kuchota maji.

Jioni nilimsindikiza kwao, nikamweleza mama yake. Nilichomwambia ni hiki: sijui chochote kuhusu ngozi iliyoungua, kwa hiyo kesho twende tukamuulize anayejua kama udongo utamsaidia. Tukaenda hospitali na donge la udongo limefungwa kwenye kitambaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Alilibonyeza lile donge, akalinusa, akacheka. "Hapa mmenisaidia," akasema. "Mimi namwambia nyoosha, yeye anasikia maumivu tu. Huu utamwita mwenyewe."

Akatupa masharti, na hata leo mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo asianze bila kumwona mtaalamu wake. Ngozi iwe imefunga kabisa. Mkono ukae kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Baada ya kazi aoshwe kwa sabuni, apakwe mafuta vizuri. Ngozi ikichanika, simama. Na asilazimishwe. Kisha akatuonyesha michezo: kubandika kiganja juu ya donge na kulikandamiza liwe chapati, kuvingirisha nyoka kwa vidole vilivyonyooka kadiri vinavyoweza, kuchubua vipande vidogo kwa kidole gumba na cha shahada. "Na kila mwezi," akamwambia mama, "mwache abandike mkono kwenye bamba la udongo, mkaushe, mlitunze. Mtoto hawezi kuona anavyopona. Akiona alama, ataamini."

Mama Bukuru alizisikia habari zile. Alikwenda bondeni mwenyewe, na umri ule, akarudi na udongo akauchuja kwenye kanga mara mbili badala ya moja. Alipoumaliza ulikuwa laini kama siagi. Akaupeleka kwa kina Minza na ndoo yake, akaiacha mlangoni. "Huu hauna jiwe hata la kumtisha mdudu," akasema.

Basi wakaanza. Kila Minza akitoka shule, mama anatenga beseni barazani, anamlowekea mkono, wanafanya chapati. Mwezi wa kwanza bamba lilionyesha kitu kama mguu wa bata. Mwezi uliofuata mguu wa bata ulikuwa umechanua kidogo. Mama yake alilileta darasani akanionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya harusi.

Kisha kikaja kiangazi, na ule upepo wake mkavu wa asubuhi. Ngozi ya Minza ikachanika katikati ya kiganja. Ikabidi tusimame, kama tulivyoagizwa, na kwa muda tuliosimama vidole vikaanza kurudi nyumbani kwao. Kidonda kilipofunga tena na mtaalamu akaturuhusu, Minza hakutaka. Alikuwa ameona damu kwenye udongo, basi.

Nilikwenda kwao alasiri moja. Nilimkuta mama amekaa na beseni la maji yaliyopoa, mtoto amejibanza mlangoni. Baba yake, Masanja, alikuwa ameketi kwenye kigoda upande wa zizi, ametupa mgongo. Ndivyo nilivyomkuta siku zote. Mtu mrefu, mcheshi kwa wageni, lakini mkono wa mwanae ulipofunuliwa alikuwa na kazi ya kufanya zizini.

"Minza, njoo mama," mama yake alimbembeleza. "Kidogo tu."

Minza akaja, akachukua lile donge kwa mkono mzima, akalirusha ukutani. Likaganda pale, halafu likadondoka.

"Bora wakamkate tu," mama akasema. "Mwalimu, mimi nimechoka. Nimechoka kumuumiza mwanangu."

   Masanja akainuka. Nilidhani anaenda zake, kumbe alikuja ukutani, akainama, akaliokota lile donge, akalipangusa vumbi. Akaketi chini barazani, miguu ameikunja, akaanza kufinyanga bila kumtazama mtu. Mikono ile mikubwa ilikuwa haijashika udongo tangu utotoni, ilionekana. Miguu ya mnyama ilipinda, kichwa kikawa kama kiatu.

"Ng'wanone," akamwita, yaani mwanangu. "Huyu nani?"

Minza alichungulia kutoka mlangoni. Akafikiri. "Mbuzi."

"Mbuzi!" Masanja akashtuka kweli kweli. "Huyu ni dume langu lile jeusi! Mbuzi?"

"Hana nundu," Minza akasema.

"Basi njoo uniwekee. Mimi nimesahau."

Mtoto akatembea mpaka pale. Masanja akamtengea donge dogo juu ya mgongo wa yule mnyama, na Minza akaweka mkono wa kushoto.

"Huo hapana nguvu," baba yake akasema polepole. "Nundu inataka mkono wa kulia."

 Minza akautoa ule mkono, akauweka juu ya udongo, ukiwa umekunjwa. Masanja akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mwanae. Hakubonyeza. Aliweka tu. Ndiyo mara ya kwanza, mama yake Minza aliniambia baadaye, kuugusa mkono ule tangu siku ya moto.

"Siku ile mimi ndiye nilikuwa nyumbani, mwalimu," Masanja akasema, macho kwenye udongo. "Mama yake alikwenda maji. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, naongea na wageni habari za ng'ombe. Nilikuwa karibu hivi. Sikumwona." Machozi yakamshuka yakaingia kwenye ndevu, wala hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa na kazi.

Minza akamwangalia usoni kwa muda. Halafu akasema, kama mwalimu anayemrudisha mwanafunzi kwenye somo, "Baba. Nundu."

Wakabonyeza pamoja.

Tangu siku hiyo mama alipumzika. Masanja akirudi na ng'ombe jioni alinawa, akachukua ndoo ya Mama Bukuru, akaketi barazani na mwanae. Alikuwa na mbinu zake ambazo sikuzifundisha mimi. Alimwambia Minza ng'ombe wanahitaji zizi, kwa hiyo zivingirishwe nyoka ndefu za kuzungushia. Ng'ombe wanahitaji maji, kwa hiyo zikandamizwe chapati za kufanya malambo. Kumbe yote ilikuwa ile michezo ya hospitali, imevaa nguo za nyumbani. Watoto wa jirani wakaanza kuja. Kila mtu alifanya ng'ombe wake, na jioni palikuwa na ugomvi wa dume la nani limepiga dume la nani. Minza alilia siku nyingine, sitawadanganya. Siku hizo Masanja alimpaka mafuta, wakaacha, wakaangalia tu ng'ombe wao.

Mvua za kwanza zilipoanza walimrudisha kwa mtaalamu, nami nikafuatana nao. Masanja alibeba kikapu mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Alipofika mezani akafungua kanga na kuyapanga mabamba, moja baada ya jingine, toka mguu wa bata mpaka la mwisho. La mwisho lilikuwa mkono. Mkono wa mtoto, vidole vinne vimenyooka, kidole cha mwisho kimeinama kidogo.

Yule kijana aliyatazama yote bila haraka. Akamshika Minza mkono halisi, akaufungua, akaufunga. Akawaita wenzake waje waone. Kisha akamgeukia Masanja. "Upasuaji hatuuhitaji, mzee. Mwendelee hivi hivi. Ila kidole hiki kidogo, sitaki kuwadanganya, huenda kikabaki hivi."

Masanja akauliza kwa wasiwasi, "Hiki cha mwisho kina kazi kubwa?"

"Kazi yake ni ndogo."

"Basi kibaki," Masanja akasema. Akaanza kuyafunga mabamba yake kwenye kanga, taratibu, kama mtu anayefunga mayai. Nje ya mlango ule mama yake Minza alinikumbatia mpaka nikasikia mifupa.

Mama Bukuru alifariki baadaye, Mungu amlaze pema. Mimi nilistaafu, nikahamia mjini kwa mwanangu, na sasa nina wajukuu wanaoninyima usingizi wa mchana kama wenu wanavyowanyima. Kwa hiyo nina ndoo ya udongo barazani. Nyie mnaosema hamna muda, sikilizeni: hamhitaji mchana mzima. Tandikeni gunia, ketini chini nao. Msiwatengenezee nyie, na msiwaambie ng'ombe wao anafanana na mbuzi hata kama anafanana. Ulizeni tu, "Huyu nani?" Watawaambia mambo ambayo hamkuwahi kuwauliza.

Likizo iliyopita Minza alikuja kunitembelea. Ni msichana wa sekondari sasa, mrefu kama baba yake. Tulikuwa hatujamaliza chai, akawa ameshavua viatu, amekaa kwenye gunia na wajukuu zangu, anawafundisha kubandika pembe. Mjukuu wangu mdogo, ambaye haachi kitu kipite, alikuwa anamkodolea macho mkononi.

"Dada, mbona hicho kidole chako kimelala?"

Nikataka kumkemea. Minza akaunyanyua mkono, akaugeuza huku na huku mwangani, umejaa udongo mpaka kwenye kiwiko, akakiangalia kile kidole kama anayemwangalia mdogo wake aliyesinzia.

"Kimepumzika," akamwambia. "Leo zamu ni ya hawa wanne."

Mtoto akakubali kwa kichwa, akampa donge jingine.